Zawadi ya Bwana Harkon: Somo Kuhusu Ridhaa, Njaa na Damu



Katika mwaka wangu wa uchungaji nilitumwa parokiani, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwalea watumikiaji wa altare. Jioni moja baada ya mazoezi, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amemaliza kidato cha nne alibaki nyuma, akikunja kanzu yake polepole kuliko kawaida. Hatimaye akauliza: “Frateri, mtu akichagua kuwa vampaya kwenye gemu, anaruhusiwa kukomunika?”

Nilitaka kucheka. Nashukuru sikucheka. Kumbe alikuwa na Jumapili tatu hajakomunika. Mama yake alimkuta usiku mbele ya kompyuta, mhusika wake ameinama juu ya mtu aliyelala, anamnyonya damu. Mama akasema nyumba yake haitageuzwa kuwa ya shetani. Kijana naye akaanza kuamini kwamba ameuza roho yake kwa kubonyeza kitufe.

Kwa ruhusa yake naleta swali lake hapa. Ndani yake mna somo ambalo sisi waseminari tunalisoma darasani, na ambalo kila mwamini anakutana nalo nyumbani kwake: ridhaa ni nini?

1. Mchezo wenyewe

Tusihukumu tusichokijua. Mchezo huo unaitwa Skyrim. Ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani, na mwaka 2012 ukaongezewa sehemu iitwayo Dawnguard, inayohusu vita kati ya vampaya na wawindaji wao. Mchezaji hutembeza mhusika wake katika nchi ya baridi ya kubuni, na hadithi hubadilika kadiri anavyochagua.

Katika Dawnguard, mchezaji anamkuta Serana, binti aliyefungiwa kaburini kwa muda mrefu, anamrudisha kwa baba yake. Baba huyo, Bwana Harkon, ni vampaya anayetawala ngome iliyo kisiwani. Kwa kumshukuru aliyemletea binti yake, anampa zawadi: damu yake mwenyewe. Ukiipokea utakuwa bwana kama yeye, hutaogopa tena mtu wala kifo. Ukiikataa, atakuacha uondoke ukiwa hai, ila ngome yake itakuwa marufuku kwako. Anasubiri jibu.

Mama wa kijana wetu asionekane mjinga. Katika Afrika Mashariki habari za mumiani zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, za watu wanaodaiwa kuwateka wenzao na kuwatoa damu. Hata wazimamoto walishukiwa. Mwaka 2017 huko Malawi uvumi wa wanyonya damu ulifanya watu wauawe na makundi yenye hasira. Mzazi wa kwetu anaposikia “mnyonya damu” hasikii utani. Tena, katika habari za mumiani sisi ndio tunaowindwa. Katika mchezo huu mtu anaulizwa kama anataka kuwa mwindaji. Ni haki mama ashtuke.

2. Je, ni dhambi?

Katekisimu (KKK 1857) inataja masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ujuzi kamili, na aridhie kwa hiari. Kijana wetu alimfanyia nani jambo zito? Hakuna mtu aliyeumizwa. Ijumaa Kuu, katika maigizo ya Njia ya Msalaba, kuna kijana anayeigiza Yuda. Anapokea vipande vya fedha, anambusu Yesu, na baada ya ibada anakwenda kula futari ya kwao kama wengine. Hatumwambii akaungame usaliti. Kumchagulia mhusika wa kubuni njia mbaya si kuichagua njia hiyo kwa ajili ya nafsi yako.

Na mchezo wenyewe kama mchezo? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba akili huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Anaona fadhila katika kucheza kwa kiasi, anaona kasoro katika kuzidisha, na anaona kasoro pia kwa mtu asiyetaka furaha kabisa (Summa, II-II, swali la 168).

Lakini tusimalizie hapo haraka. Mwigizaji wa Yuda anaigiza mara moja kwa mwaka, mbele ya jumuiya inayosali. Anayecheza usiku wa manane akiwa peke yake, saa nne mfululizo, yuko katika hali nyingine. Wazazi wajue pia kwamba Marekani mchezo huu umepewa alama ya watu wa miaka 17 na kuendelea; si wa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Kwa hiyo swali la kijana, “Ni dhambi?”, linafuatwa na lingine: “Ninapocheza, moyo wangu unafurahia nini?” Tutalirudia mwishoni.

3. Kuumwa si sawa na kukubali

Kuna jambo katika mchezo huu ambalo mwalimu wa maadili angetamani kulitumia darasani. Mhusika anaweza kuwa vampaya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ugonjwa. Akipigana na vampaya anaweza kuambukizwa bila kutaka. Kwa siku tatu za mchezo ugonjwa huo unatibika kirahisi: anakunywa dawa ya magonjwa, au anasali mbele ya mojawapo ya madhabahu zilizomo. Akipuuza, siku tatu zikipita, anageuka vampaya kamili. Njia ya pili ni zawadi ya Harkon. Hapo hakuna ajali. Unaulizwa, unajibu.

Kanisa linafundisha kwamba hata baada ya Ubatizo tunabaki na mwelekeo wa dhambi. Mwelekeo huo ni jeraha na uwanja wa mapambano, nao hauwezi kumdhuru asiyeuridhia (KKK 1264). Wazo la chuki linalokujia kwenye foleni, picha chafu inayojitokeza kwenye simu bila kuitafuta, wivu unaokuchoma mwenzako anaposifiwa na mlezi: hayo ni kuumwa. Wengi wetu tunajihukumu hapo, tunakata tamaa, kisha tunasema, “Kwa kuwa nimeshachafuka, acha niendelee.” Huo ni uongo. Aliyeumwa bado ana siku zake tatu. Na aende mapema. Kidonda kibichi hutibiwa kwa dawa ndogo.

Zawadi ya Harkon ni jambo jingine. Someni Mwanzo 3:1-6 na Mathayo 4:8-10, mtaiona ilivyo ya zamani. Nyoka anaahidi kwamba hakuna kufa na kwamba mtafanana na Mungu. Mshawishi jangwani anaonyesha milki zote na fahari yake. Kote wanaahidiwa ukuu bila msalaba, na kote hakuna anayelazimishwa. Mshawishi huonyesha, huahidi, husubiri. Mlango wa ridhaa hufunguliwa kwa ndani.

4. Njaa inayojificha

Watu wengi hudhani vampaya anayekunywa damu mara kwa mara ndiye anayetisha zaidi. Katika Skyrim ni kinyume. Aliyetoka kunywa damu yuko karibu na hali ya mtu wa kawaida, na jua humdhoofisha kidogo tu. Anayekaa siku nyingi bila kunywa ndiye nguvu zake za giza hupanda, jua humdhoofisha zaidi, na moto humwumiza vikali. Katika toleo la kwanza la mchezo, akifika hatua ya nne, watu wa mjini walimtambua na kumshambulia.

Waseminari wenzangu, tukae hapa kidogo. Kilema kinacholishwa hutulia. Anayesengenya kila siku haoni shida na ulimi wake. Anayechota kidogo kidogo katika fedha za jumuiya hulala vizuri na husoma somo Jumapili kwa sauti nzuri. Katekisimu (KKK 1865) inasema dhambi hujenga mazoea na kufifisha dhamiri.

Siku mtu anapoamua kuacha, ndipo kilema hupiga kelele. Anayefunga pombe katika Kwaresima anakuwa mkali nyumbani. Anayeacha picha chafu anaona wiki ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Hapo wengi hurudi nyuma wakisema, “Kumbe nilikuwa nafuu kabla sijaanza kujirekebisha.” Ndugu yangu, hukuwa nafuu, ulikuwa umeshiba. Unachokiona sasa ni uso wa kitu kilichokuwemo siku zote, na jua linachoma kwa sababu umetoka gizani. Yesu anamweleza Nikodemo kwamba atendaye mabaya huikimbia nuru matendo yake yasije yakafichuliwa (Yn 3:19-21). Usirudi kulisha. Mtafute mlezi wako au padre, mweleze kelele hizo zote.

5. Damu ya nani?

Mchezo unatoa pia njia ya kupona. Katika mji wa Morthal kuna mchawi aitwaye Falion. Kumponya vampaya anahitaji jiwe jeusi lenye roho ndani yake, na mawe hayo hunasa roho za watu. Maana yake ni wazi: ili wewe uwe hai tena, roho ya mtu mwingine lazima itolewe badala yako. Kabla ya kupona ulikunywa damu ya wengine. Ili upone, mwingine analipa tena. Harkon amefika mbali zaidi. Alitoa sadaka ya wasio na hatia ili apate nguvu zake, na baadaye anataka damu ya Serana, binti yake wa kumzaa, ili jua lizimwe.

Katika mpango huo wote, kila uhai unanunuliwa kwa uhai wa mwingine aliyelazimishwa. Wagalilaya waliomsikia Yesu akisema wale mwili wake na wanywe damu yake (Yn 6:53-66) walishtuka, na walikuwa na sababu. Torati iliwakataza kula damu kwa kuwa uhai umo ndani yake, na uhai ni wa Mungu (Law 17:10-14). Tofauti iko kwa anayetoa. Vampaya huchukua uhai wa aliyelala ili yeye asife. Kristo, akiwa macho kabisa, anautoa wake kwa hiari ili sisi tuishi (Yn 10:17-18). Anayekomunika hamnyang’anyi Kristo kitu. Anapokea, kisha naye anatumwa ajitoe.

Kuna na tofauti nyingine. Mchezaji asiyependa uamuzi wake hurudi pale alipohifadhi mchezo, na yaliyopita yanafutika. Kitubio hakifanyi hivyo. Petro alibaki mtu aliyemkana Bwana mara tatu, na ni huyo huyo aliyekabidhiwa kondoo. Yaliyopita hayafutiki kama hayakuwapo, yanasamehewa.

6. Jibu kwa kijana

Nilimwambia kijana kwamba kubonyeza kitufe kile hakukumtenga na Ekaristi, na kwamba kama kuna lingine linalomsumbua, amwone paroko kwa Kitubio. Kisha nikamuuliza ni nini hasa alichopenda. Alikaa kimya. Akasema: “Tangu matokeo yatoke, kila mtu ananicheka. Kule hakuna anayenicheka. Wananiogopa.”

Hapo ndipo tulipokuwa na kazi, na haikuwa kazi ya siku moja. Nilimwomba amwonyeshe mama yake sehemu ile ya ngome, mchana, wakiwa wote wawili. Mama alitazama mpaka Harkon alipomaliza maneno yake. Akauliza, “Na ukikataa?” Kijana akajibu, “Shikamoo yako inaishia hapo, mama. Unafukuzwa, lakini unaondoka mzima.” Mama akacheka kidogo, kisha akasema: “Mbona hukuniambia kwamba unaweza kukataa?”

Jumapili iliyofuata alitumikia Misa, naye alikomunika.

Maswali ya kutafakari

1. Je, kuna jambo ninalojihukumu kama dhambi, kumbe ni kishawishi nisichokiridhia? Na je, kuna lile ninaloliita ajali, kumbe nilikubali?

2. Ni kilema gani ndani yangu kimetulia kwa sababu nakilisha?

3. Katika familia na jumuiya yangu, ni nani anayelipa gharama ya starehe yangu?

4. Kwa wazazi: mara ya mwisho kukaa na mwanangu nikatazama anachokitazama, ilikuwa lini?