Mbegu za Mwarobaini na Viluwiluwi wa Mbu

Mbu haanzi na mabawa. Anaanza majini kama yai, halafu kiluwiluwi, na kwa joto la huku Pwani anaweza kuruka baada ya siku 7 hadi 14. Dimbwi unalolipita leo ndilo litakalokuuma wiki ijayo.

MWAROBAINI UNAFANYAJE KAZI?

Ndani ya mbegu mna dawa iitwayo azadiraktini. Hii haiui papo hapo kama sumu ya dukani. Kiluwiluwi lazima ajivue ngozi mara kadhaa ili akue, na dawa hii inamvuruga asiweze. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Wanatia unga leo, kesho wanakuta viluwiluwi bado wanacheza, wanasema, "Hakuna kitu." Ngojeni! Kinachohesabiwa ni wangapi wanaota mabawa.

Mwaka 2007, katika kijiji cha Banizoumbou nchini Niger, madimbwi yalitiwa unga wa mbegu hizi. Mbu waenezao malaria walipungua karibu nusu wakilinganishwa na miaka ya nyuma. Nusu si haba, lakini nusu nyingine ilibaki. Kwa hivyo neti haitupwi.

MATAYARISHO

1. Okoteni matunda yaliyoiva, ondoeni nyama, osheni mbegu na mzianike kivulini. Jua kali huharibu dawa. Zenye ukungu zitupeni.
2. Twangeni kwa kinu mpaka ziwe unga.
3. Dimbwi linalofukika lifukieni. Makopo na magurudumu mabovu yamwageni maji. Unga ni wa dimbwi lisiloweza kufukiwa.
4. Rudieni kila wiki, na tena baada ya mvua kubwa.

JARIBIO LA KIKUNDI

Chukueni ndoo mbili, mtie maji na viluwiluwi kutoka dimbwi moja, idadi sawa. Ndoo moja itieni unga, kijiko cha mezani kwa kila lita. Nyingine iacheni hivyo hivyo. Funikeni zote kwa kipande cha neti, mfunge vizuri. Baada ya siku kumi hesabuni mbu walioruka katika kila ndoo. Mkimaliza, mwageni maji yote juu ya mchanga mkavu.

ONYO

Usitie unga huu katika mtungi, kisima, mto wala bwawa la samaki. Mtoto asinyweshwe mafuta ya mbegu hizi hata kidogo; wako watoto wachanga waliokufa kwa kunyweshwa. Na mtu akishikwa na homa, apelekwe dispensari akapimwe. Unga wa dimbwi sio dawa ya malaria.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu maji yanatuama wapi? Yapi yanaweza kufukiwa wiki hii?
2. Nani atakumbuka zamu ya kila wiki mvua zikianza na kazi ya shamba ikiwa nyingi?