Nukta na Kazi Zake

Mtoto akiweka ncha ya kalamu juu ya karatasi na kuiondoa mara moja, anaacha alama ndogo. Alama ile inaitwa nukta. Mtu mwenye haraka haioni. Lakini katika kusoma, katika hesabu, katika michezo ya akili na hata katika kazi ya waganga, nukta ina kazi kubwa.

Kazi moja kila mwanafunzi anaijua: nukta inaonyesha mwisho wa maneno, na msomaji akiifikia anapumzika. Katika maandiko ya Kiarabu inafanya zaidi, maana inageuza herufi yenyewe. Umbo lilelile likipata nukta moja chini yake linasomwa B. Likipata mbili juu yake linasomwa T. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walijua vema kwamba kusahau nukta ni kubadili neno.

Katika hesabu lazima kuangalia sana. Wafaransa na Wabelgiji wanaandika mbili na nusu hivi: 2,5, yaani kwa mkato. Waingereza wanaandika 2.5, kwa nukta, na watu wa Tanzania na Kenya wanafanya vilevile. Tena Wabelgiji wengi wanatumia nukta kwa kutenga maelfu. Kwao 3.500 ni elfu tatu na mia tano. Kwa Mwingereza ni tatu na nusu tu. Basi, mfanya biashara wa Kalemie akimwandikia mwenzake wa Kigoma na kutaka kilo 3.500 za chumvi, mmoja anangoja mashua nzima, na mwingine anatayarisha kikapu kimoja. Afadhali aandike hesabu kwa maneno.

Mwalimu Euclid, Mgriki aliyefundisha Alexandria katika inchi ya Misri, karibu na mwaka wa 300 mbele ya Kristo, alisema kwamba nukta ni kitu kisicho na sehemu. Maana yake nini? Nukta ya chaki ubaoni ina upana. Mdudu mdogo anaweza kutembea juu yake. Nukta ya kweli haina upana wala urefu. Haionekani. Inasema neno moja tu: «Hapa».

*

Wachokwe wanakaa Angola, Zambia, na katika Kongo yetu pia, kwa mfano upande wa Dilolo na Kahemba. Tangu zamani wana ufundi wa kuchora michangani. Michoro ile inaitwa sona. Mmoja ni lusona. Mzee anasawazisha mchanga kwa mkono. Kisha anabonyeza ncha za vidole, anaacha safu za nukta zenye nafasi sawasawa. Nyuma yake anachora mstari kwa kidole kimoja, unaozunguka kati ya nukta, bila kuinua kidole na bila kusitasita, huku anasimulia hadithi. Akisimama katikati kwa kufikiri, watazamaji wanacheka. Ndiyo sababu vijana walijifunza muda mrefu.

Lusona mmoja unasimulia hivi. Jua lilikwenda kumsalimu Mungu, naye akalipa jogoo, akaliambia lirudi asubuhi. Asubuhi jogoo akawika. Mungu akasikia, akaliambia jua: «Jogoo ni wako, lakini uje kila siku.» Mwezi nao ukapata jogoo, ukamtunza, na kila siku 28 unarudi. Kisha mtu akaenda. Naye alipewa jogoo, lakini alikuwa na njaa, akamchinja, akamla. Asubuhi hakuna aliyewika. Mtu akalala mpaka jua likapanda juu. Mungu akamwuliza: «Jogoo wangu yuko wapi?» Mtu akaogopa, akakubali kwamba amemla. Basi akaambiwa kwamba jua na mwezi hawafi, maana hawakuua. Lakini yeye atakufa kama jogoo yule, na akifa atarudi kwa Mungu.

Ndani ya michoro hii mna hesabu, tena hesabu nzuri. Tia nukta katika safu 3, kila safu nukta 4. Sasa chora mstari wa mshazari, unaopita katikati ya nukta mbili jirani. Ukifika ukingoni, unageuka na kurudi ndani, kama mpira uliopiga ukuta. Endelea hivyo. Mstari mmoja utazunguka nukta zote 12, kila nukta itapata nyumba yake, na kidole kitarudi mahali pa kwanza. Lakini weka safu 2 za nukta 4. Mstari unarudi upesi mno, na nukta nyingine hazijafungwa. Ni lazima kuanza mstari wa pili. Kwa safu 3 za nukta 3, mistari mitatu inatakiwa.

Sababu yake ni nini? Tafuta namba kubwa inayogawanya hesabu ya safu na hesabu ya nukta za safu moja, bila kubakiza kitu. Kwa 3 na 4 ni 1: mstari mmoja. Kwa 2 na 4 ni 2: mistari miwili. Kwa 6 na 9 ni 3. Wengine walidhani hesabu ni mali ya wageni peke yao. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu katika Msumbiji, aliyekufa mwaka wa 2014, alichunguza sona kwa miaka mingi, akaandika vitabu juu ya hesabu iliyofichwa ndani yake. Na mwaka wa 2023 shirika la UNESCO liliandika sona za Angola katika orodha ya urithi wa watu wote. Ilikuwa vema, kwa sababu mchoro wa mchangani unafutwa na upepo, na wazee wanaoujua wamebaki wachache.

*

Mwaka wa 1809, katika kijiji cha Coupvray karibu na Paris, alizaliwa mtoto jina lake Louis Braille. Baba yake alishona hatamu na matandiko ya farasi. Siku moja Louis, akiwa na miaka mitatu, alicheza na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Ukamchoma jicho. Jicho likaoza, ugonjwa ukapita jicho la pili, na mtoto akawa kipofu kabisa.

Alipokuwa na miaka 10 alipelekwa Paris, kwenye shule ya vipofu. Vitabu vyao vilikuwa na herufi kubwa zilizoinuka juu ya karatasi. Kuzipapasa moja moja kulichukua muda mwingi, na kuandika hakukuwezekana. Lakini Charles Barbier, mkubwa wa askari, alikuwa ametunga maandiko ya nukta 12 zilizoinuka, ya kusomwa kwa vidole gizani. Louis aliyajaribu, akaona kasoro yake: nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole kimoja. Akazipunguza, zikawa 6, tatu kushoto na tatu kulia. Alikuwa kijana wa miaka 15 tu.

Nukta 6 zinatosha? Kila moja inaweza kuinuka au kulala. Basi 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 64. Ondoa ile ambamo zote zimelala, zinabaki alama 63: za herufi, za namba, hata za muziki. Nukta ya juu kushoto peke yake ni A. Ongeza ya chini yake, ni B. Na chombo cha kuandikia nukta hizo ni msumari mdogo wenye mpini, unaofanana na msharasi wa baba yake.

Braille alikufa mwaka wa 1852. Miaka miwili nyuma yake, Ufaransa ilikubali maandiko yake. Leo vipofu wa inchi nyingi wanasoma kwa nukta zake sita.

*

Mwaka uleule wa 1854, mwisho wa Agosti, kipindupindu, ndiyo kolera, kilishika mtaa wa Soho katika London. Watu zaidi ya 600 walikufa. Waganga wengi walisema ugonjwa unatoka katika harufu mbaya. Mganga John Snow hakusadiki. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akauliza nani amekufa, na alikunywa maji ya wapi. Kisha akachukua ramani, na kwa kila mtu aliyekufa akatia alama ndogo nyeusi penye nyumba yake.

Alama zilijaa kuzunguka bomba la maji la Broad Street. Kwenye kiwanda cha pombe cha njia ileile hakufa mtu, maana wafanyakazi walikunywa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hata mbele ya kumaliza ramani, Snow aliwaendea wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 Septemba waliondoa mpini wa bomba. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwa kuwa wengi walikwisha kimbia. Lakini hakuna aliyekunywa tena maji yale mabaya. Miaka 30 nyuma yake, Mdachi Robert Koch alieleza kijidudu chenyewe, alichokiona kwa mikroskopi. Hakikuwa na umbo la nukta. Kilipindika kama mkato.

KAZI. Chora sona mbili mchangani: safu 3 za nukta 5, na safu 4 za nukta 6. Mbele ya kuanza, sema kila moja inataka mistari mingapi. Kisha andika nukta 9, safu tatu za nukta tatu, upite juu ya zote kwa mistari minne iliyonyoka, bila kuinua kalamu. Wengi wanashindwa kwa kuwa wanajifungia ndani ya nukta zile. Hakuna aliyewakataza kutoka nje.