FARU AKIWA UGENINI ANAKULA NINI?

Sisi wa Endabash tunamjua faru mweusi. Ni jirani yetu, yuko hapo Ngorongoro. Lakini wapo faru wengine wanaofugwa katika bustani za wanyama huko Ulaya na Marekani. Sehemu nyingi huko hakuna migunga. Je, wanakula nini?

Kwanza tuelewe: faru mweusi hali kama ng'ombe, anakula kama mbuzi. Mdomo wake wa juu umechongoka. Anaukunja kama kidole, anashika kijitawi, anakata, anatafuna na miiba yake. Majani mengi ya vichaka hivyo yana ukakasi, kama ule wa ndizi mbichi.

Ugenini hupewa nyasi kavu na chakula cha kusagwa kilichofinyangwa. Anashiba, ananenepa. Kumbe hatari imejificha! Chakula hicho mara nyingi kina madini ya chuma mengi, na ukakasi wake ni kidogo. Kazi ya ukakasi ni kuzuia chuma kisiingie mwilini kwa wingi. Ukikosekana, chuma hujikusanya kwenye ini, na faru aweza kuugua. Ndiyo maana watunzaji wengine hukata matawi wakati wa joto na kuyagandisha kwa barafu, yaliwe wakati wa baridi miti ikiwa haina majani. Kazi kweli kweli!

Mwaka 2012 faru watatu kutoka Uingereza walisafirishwa kwa ndege hadi Mkomazi, upande wa Same. Huko migunga ipo.

Maswali: Faru anafanana na mbuzi kwa nini? Ukakasi unamsaidiaje?