Mkaa na Maji ya Zizini

Wengi wetu tunafuga ng'ombe mmoja au wawili karibu na mikarafuu, na faida ya samadi twaijua. Leo twataka kusema juu ya maji machafu yatokayo zizini. Humo mna nitrojeni nyingi, ambayo shambani ni chakula cha mti, lakini kisimani ni hatari.

Mkojo wa ng'ombe ukikaa hutoa amonia, ndiyo ile harufu kali ichomayo pua. Amonia ikiingia ardhini, vijidudu vya udongo huigeuza kuwa nitrati. Hii haina rangi wala harufu, nayo hufuatana na maji ya mvua mpaka kisimani, hasa penye mawe ya matumbawe ambako maji hupita upesi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa. Zikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo aweza kugeuka rangi ya buluu kwa damu kukosa oksijeni, hata akafa. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, nitrati hubaki.

Mkaa uliochomwa kwa hewa kidogo una matundu madogo mengi, na hushika amonia iliyoyeyuka majini. Lakini nitrati haishiki sana. Kwa hiyo mkaa uwekwe pale pale maji yatokapo zizini, kabla hayajaingia ardhini.

Chomeni vifuu vya nazi ndani ya pipa lenye kifuniko, hewa iingie kidogo tu. Moshi ukiisha, zimeni kwa maji. Majivu hayafai. Upondeni mkaa uwe chenga kama punje za mahindi, muuoshe vumbi. Toboeni pipa jingine chini, mtie kokoto, kisha mkaa, na juu mchanga. Maji ya zizini yapite humo polepole.

Mkaa nao hujaa kama gunia. Ukijaa, changanyeni na samadi mpaka ioze vizuri, kisha mtie mashinani mwa migomba na mikarafuu. Hivyo nitrojeni iliyokuwa ikienda kisimani itakuwa imerudi shambani.

Maji yaliyochujwa hivi si ya kunywa kamwe. Yamwagieni migomba iliyo mbali na kisima. Na mwenye zizi lililopakana na kisima, kwanza alihamishe zizi. Mkaa hupunguza madhara, hauyaondoi yote.