Msonobari wa Kijani Uliolala

Mwaka huu nimekuja na somo la miti, lakini kwanza nikiri kosa. Katika mtihani wa Biolojia niliandika kwamba jani likiwa la kijani, basi linatengeneza chakula. Mwalimu akaninyima alama zote mbili, nikanuna wiki nzima. Kumbe alikuwa na haki.

Tazameni misonobari ya kaskazini mwa Kanada. Baridi kali inapoingia maji huganda, na usanisinuru husimama au hubaki kidogo mno. Hata hivyo majani yake, yale membamba kama sindano, hayapukutiki. Hubaki ya kijani. Ukiwa ndani ya ndege utadhani msitu uko kazini, na kumbe umelala! Basi anayetaka kujua misitu hiyo hufyonza hewa ya kaboni kiasi gani kwa mwaka, akiuamini ukijani peke yake atapotoka.

Siri imo ndani ya jani. Jua haliachi kuwaka ati kwa sababu mti umelala. Nuru isiyotumika ingeliharibu jani, kwa hiyo jani hugeuza rangi yake moja ya manjano, violaksanthini, ikawa nyingine iitwayo zeaksanthini, ambayo husaidia kuitoa nuru ya ziada kama joto. Macho yetu hayaoni kitu. Lakini chombo cha kupimia nuru huona: kwenye wimbi la nanomita 531, nuru inayorudishwa na jani hupungua. Kwenye nanomita 570 haiguswi na mageuzi hayo, hivyo hiyo ndiyo ya kulinganishia.

Hesabu yenyewe hata sisi tunaokimbia Hisabati tutaiweza. Chukua kiasi cha 531, toa cha 570, kisha gawanya kwa jumla yao. Tuseme jani linarudisha asilimia 5 kwa kila wimbi: jibu ni 0. Ile ya 531 ikishuka hadi 4, jibu ni -1/9, yaani karibu -0.11. Jani limepunguza kazi.

Gamon, Peñuelas na Field walieleza njia hii mwaka 1992, tena kwa alizeti, si misonobari. Matata yapo: vivuli na pembe ya jua huvuruga vipimo. Lakini mwaka 2016 Gamon na wenzake walionyesha kwamba hata setilaiti, kwa kulinganisha kijani hicho na nyekundu, yaweza kuona misitu ya aina hiyo ikiamka baridi inapokwisha.