Pointi 27: majibu kwa wanaounda wahusika wa Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons huchezwa mezani kwa karatasi, penseli, dadu na mazungumzo. Kabla hadithi haijaanza, kila mchezaji huunda mhusika wake kwa sifa sita: Nguvu, Wepesi, Uhimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2024, njia mojawapo ya kuzipanga ni kuzinunua kwa pointi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Pointi hizo hutumikaje?

Unapewa 27. Kila sifa huanzia alama 8, na kwa pointi huwezi kuivusha 15. Kutoka 8 hadi 13, kila hatua ni pointi moja. Baada ya hapo bei inapanda: kufikisha 14 ni pointi 7 kwa jumla, na 15 ni 9.

Ila mezani alama yenyewe haitumiki sana. Kinachofanya kazi ni nyongeza yake, ile unayoijumlisha na dadu ya pande 20 unapojaribu jambo. Alama 10 na 11 hazina nyongeza. 12 na 13 zina +1. 14 na 15 zina +2. 8 na 9 zinakupunguzia 1.

Kwa hiyo namba witiri ni hasara?

Ni hasara kama huna mpango nazo. Tuchukue mpiganaji wa shoka aliyekuwa askari. Mnunulie Nguvu 15 na Uhimilivu 15. Hapo pointi 18 zimekwenda. Busara 14 inachukua 7, Wepesi 10 unachukua 2, na pointi zimeisha. Akili na Mvuto zinabaki 8. Kwa kanuni za 2024, usuli wa uaskari unamruhusu kuongeza 2 kwenye Nguvu na 1 kwenye Uhimilivu, kwa hiyo anaanza na 17 na 16. Ile 17 inasubiri ngazi ya 4, ambapo vipaji vingi huongeza alama moja: inakuwa 18, na kipaji juu yake. Hiyo ndiyo witiri yenye maana. Wepesi wake nimeuacha 10 kwa makusudi, maana deraya nzito ya minyororo humpa kinga ya 16 bila kuutegemea.

Mchawi wangu hasogei karibu na adui. Uhimilivu wa nini?

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wachezaji wapya, na linaumiza. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai wa 6 pamoja na nyongeza ya Uhimilivu, na kila ngazi, kwa wastani uliowekwa kitabuni, anapata 4 pamoja na nyongeza hiyohiyo. Piga hesabu hadi ngazi ya 5. Mwenye Uhimilivu 8 ana uhai wa 17. Mwenye 14 ana 32. Sasa adui arushe mpira wa moto: dadu nane za pande sita, wastani wake 28. Wote wawili wakishindwa kuukwepa, wa kwanza yuko chini na wa pili bado amesimama na zamu yake inakuja.

Kuna jingine. Uchawi mwingi wenye nguvu hudumu mradi mchawi asipoteze umakini. Akijeruhiwa, anajaribiwa kwa Uhimilivu. Akishindwa, uchawi unakatika palepale na wenzake walioutegemea wanabaki wazi. Nunua Akili 15 kwanza, kisha Uhimilivu 14. Nguvu iache 8.

Sifa ya 8 haitaniharibia mhusika?

Hapana, mradi uiigize. Mpiganaji mwenye Mvuto 8 ana namna yake ya kusema na walinzi wa lango, na mara nyingi jioni nzima hukumbukwa kwa mazungumzo hayo. Busara tu ndiyo nisiyopenda kuiacha chini. Ndiyo inayomwezesha mhusika kumwona mviziaji, na ndiyo kinga yake dhidi ya uchawi mwingi unaoteka akili.

Kwa nini tusirushe dadu kama zamani?

Mchezo ulipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, kila sifa ilikuwa jumla ya dadu tatu, na ulichopata ndicho ulichocheza. Leo wanaorusha hutumia dadu nne na kuondoa iliyo ndogo kuliko zote. Wastani wake unakaribia 12.2, hivyo inavutia. Shida ni kwamba bahati ya jioni moja hudumu kwa mwaka mzima wa mchezo: mmoja ana 18, jirani yake hana hata 14, na kila pambano linawakumbusha. Kwa hadithi ndefu mimi nachagua pointi bila kusita. Kwa mchezo wa usiku mmoja, rusheni.

Nina wachezaji wapya kabisa. Niwaanzishie wapi?

Usiwape jedwali la bei. Mwulize kila mmoja mhusika wake anafanya nini kundi likivamiwa: anapiga, anaponya, anajificha, anashawishi? Jibu hilo ndilo linaloonyesha sifa ya kwanza. Kisha wape alama zilizo tayari kitabuni, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, wazigawe wenyewe. Ukizijumlisha kwa bei ya pointi, zinagharimu 27 kamili, kwa hiyo hakuna atakayekaa mezani akiwa nyuma ya mwenzake.