UKURASA WA AFYA: Mhudumu wa Afya Akibisha Hodi, Tumfungulie

Leo tunazungumza juu ya mtu tunayekutana naye kisimani, gulioni na kanisani, lakini tunamsahau pale tunapomhitaji zaidi. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye wengi wetu tulizoea kumwita mhudumu wa afya wa kijiji.

Kazi yake si ngeni. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa miaka mitano wa kuwapata wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Huyu si daktari wala mkunga. Hazalishi. Kazi yake ni kuunganisha nyumba na zahanati.

Kwa nini tunamhitaji?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini vifo vya watoto katika mwezi wao wa kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu katika kila watoto 1,000. Kwa hiyo kazi bado ipo, na sehemu yake kubwa iko nyumbani kwetu.

Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Miwili ya kwanza hutokea kabla mgonjwa hajaona lango la hospitali. Hapa kwetu tunaujua vizuri. Baba yuko machimboni Geita au Kahama, mama amebaki kijijini na watoto. Usiku damu inaanza kutoka. Mama mkwe anasema, "Tumsubiri baba." Simu haipatikani. Hakuna aliyeachiwa fedha wala ruhusa. Kunapopambazuka, muda wa kuokoa maisha umeshapita.

Ndiyo maana mhudumu huuliza mapema, mimba ikiwa bado changa: Utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza? Nani atabaki na watoto? Nauli imewekwa wapi? Na baba akiwa mbali, nani ataamua? Familia iliyojibu maswali hayo kabla ya uchungu haitasubiri mtu.

Kuhusu usafiri, mkoa wa Shinyanga na wilaya ya Sengerema ni miongoni mwa mahali pa kwanza kujaribu mfumo wa m-mama, ambao tangu 2022 umeenezwa nchini. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu huita dereva wa jamii aliyekwisha kuandikishwa, ambaye halipwi na mgonjwa. Namba hiyo iandikwe ukutani.

Wakati wa mimba

Mama aanze kliniki mara anapojitambua, kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara 8 kabla ya kujifungua. Huko hupimwa damu, shinikizo la damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Hupewa chanjo ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, na dawa ya kuzuia malaria. Baba aende naye.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona dalili hizi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Na tuache dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zinaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Hatari ya zebaki

Katika mialo yetu zebaki hutumika kukamata chembe za dhahabu. Bonge linapochomwa, zebaki hupanda kama mvuke usioonekana, kisha hutua kwenye kuta, sufuria na nguo. Mama mjamzito akivuta mvuke huo, zebaki huweza kupita kwenye kondo na kudhuru ubongo wa mtoto. Dunia ilijifunza kwa uchungu kule Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956: zebaki ya kiwandani iliingia katika samaki, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika.

Kwa hiyo dhahabu isichomwe jikoni wala ndani ya uzio wa nyumba. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasishike zebaki wala kukaa karibu inapochomwa. Baba avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na zifuliwe peke yake, si na mama mjamzito. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Kinachotakiwa ni kumwondoa kwenye zebaki.

Siku saba za kwanza

Baada ya kujifungua, ni vizuri mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, siku ya tatu na siku ya saba. Mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kwanza, na apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji. Asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Akaushwe na alazwe kifuani pa mama apate joto. Kitovu kisipakwe samli, majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

Mkimbizeni kwenye kituo mtoto akiacha kunyonya, akipumua haraka (mara 60 au zaidi kwa dakika), akipata degedege, akiwa na joto kali au baridi, akiwa wa manjano, au kitovu kikitoa usaha. Mtoto mchanga huzidiwa kwa saa chache. Tusisubiri kesho.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Wahudumu wa afya wa kitongoji chetu ni akina nani? Tunawasaidiaje?
2. Katika jumuiya yetu yuko mama mjamzito ambaye mume wake yuko mbali? Usiku akiugua, nani ataamua?
3. Dhahabu inachomwa wapi karibu na nyumba zetu? Tuwaambie nini vijana wetu?

Wazazi, mhudumu akibisha hodi msimwambie arudi kesho. Mkaribisheni, mkae wote, baba na mama mkwe wakiwepo, mjibu maswali yake.